Sadaka si Kodi



Katika mashirika yetu ya Bukavu, toka Bagira mpaka Panzi, swali moja linaulizwa kila juma, mara kwa sauti, mara kwa kunong'ona: Katika shida hizi, je, tuendelee kutoa zaka na sadaka? Baba wa nyumba hana mshahara. Mama ameshinda soko la Kadutu na fungu lake la ndizi, naye amerudi na faida ya kununua chumvi tu. Jioni hiyo hiyo kiongozi wa shirika anabisha hodi, daftari mkononi. Nani mwenye haki, yule anayeomba au yule anayekataa?

Swali hili tusilikimbie. Wengi wamekwisha kulijibu, na majibu matatu yanayosikika zaidi mjini sisi tunayaona yote kuwa mabaya. La kwanza ni la wale wasemao: Mungu hana njaa, basi tufunge mfuko mpaka amani irudi. La pili ni la wahubiri wanaosema: Toa hata senti yako ya mwisho, nawe utakuwa tajiri. La tatu latuumiza kuliko mengine, kwa sababu lasikika ndani ya nyumba yetu wenyewe: Asiyelipa zaka asibatiziwe mtoto, wala asizikwe na padri. Tutayapinga yote matatu, moja moja na kwa wazi, maana kila moja kwa njia yake linageuza sadaka kuwa kitu kingine.

Shida yenyewe

Kwanza tuitaje shida jinsi ilivyo, maana mganga asiyetazama kidonda hawezi kuchagua dawa. Mwezi wa Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Goma. Katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Mabenki yakafunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa. Walimu na wafanyakazi wengine wa Serikali, ambao mishahara yao ilipitia benki, wakabaki mikono mitupu. Aliyekuwa na akiba hakuweza kuifikia. Wengi wakategemea fedha za simu, na kila anayetaka kushika noti mkononi hukatwa sehemu kabla ya kuishika. Tena noti zenyewe zikachakaa, hata mama muuza sambaza akarudishiwa franka zake kwa kuwa zimepasuka pembeni.

Wazee wetu wameona mambo ya namna hii. Mwishoni mwa mwaka 1992 ilitolewa noti ya zaire milioni tano. Mwezi wa Januari 1993 wafanyabiashara wa Kinshasa wakaikataa, askari waliolipwa kwa noti hiyo wakapora mji, na damu ikamwagika. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo zaire mpya moja ikashika nafasi ya zaire za zamani milioni tatu. Mtu alilala na akiba, akaamka na karatasi. Basi anayesema kwamba kapu la Dominika limekuwa jepesi kwa sababu tu imani imepoa, mtu huyo hajaenda sokoni.

Jibu la kwanza: Tufunge mfuko

Hata hivyo, je, ni kweli kwamba wakati wa shida Mkristo amesamehewa kutoa? Hasha. Mungu hana njaa, tunakubali. Lakini mgonjwa ana njaa, na yatima anayo, na aliyekimbia kijiji chake akafikia kwa jamaa aliye maskini kama yeye anayo pia. Hostia na divai hununuliwa. Mshumaa hununuliwa. Paa la kanisa likivuja, mvua ya Bukavu haingoji amani. Padri akipewa pikipiki bila mafuta, mgonjwa wa kilima cha mbali atakufa bila mpako mtakatifu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 222, yawaambia waamini wote kwamba ni wajibu wao kulisaidia Kanisa katika mahitaji yake: ibada, kazi za kitume na za mapendo, na riziki ya wahudumu. Haikuandikwa humo kwamba wajibu huu ni wa miaka ya shibe tu.

Mtume Paulo alipochanga fedha kwa ajili ya Wakristo maskini wa Yerusalemu, ni akina nani aliowasifu mbele ya Wakorinto? Hakuwasifu matajiri. Aliwasifu Wamakedonia, watu waliokuwa katika taabu na umaskini mkubwa, ambao wenyewe waliomba wasiachwe nje ya mchango ule. Walijua kwamba maskini naye ana heshima ya kutoa. Kumwambia maskini, Wewe usitoe kitu, kaa upokee tu, mara nyingine ni kumdharau.

Tena kuna neno ambalo watu wa Bukavu hatuna ruhusa ya kulisahau. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliwatetea wakimbizi na watu wake mbele ya wenye silaha. Akauawa katika mji huu tarehe 29 Oktoba 1996. Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, aliyekuja kushika nafasi yake mwaka 1997, alikemea unyonyaji wa nchi yetu katika ujumbe wake wa Noeli ya 1999, unyonyaji wa wageni na wa ndugu zetu wenyewe. Mwezi wa Februari 2000 wakuu wa uasi wa siku zile walimzuia kurudi kwenye kiti chake, akakaa Butembo kama mtu aliyefukuzwa. Alirudi mwezi wa Septemba, akapokewa kwa shangwe; na mwezi wa Oktoba akafariki dunia huko Roma. Wachungaji hao walisema kweli bila kuuliza bei yake. Sisi twajiuliza: Kanisa likiishi kwa mfuko wa mkubwa fulani, siku ya kumkemea mkubwa huyo litanena kwa ulimi wa nani? Likilishwa na watu wake wenyewe, hata kwa franka zilizochakaa, ulimi wake utabaki huru. Ndiyo maana kapu la maskini ni kitu kikubwa.

Na tuseme kweli: wanaopiga kelele zaidi kwamba nyakati ni ngumu si mara zote wale walio na njaa. Mjane wa Kadutu huleta kikombe chake cha maharagwe, akanyamaza. Mwenye nyumba tatu za kupangisha ndiye anayehutubia mkutano juu ya ugumu wa maisha. Siku ya arusi ya binti yake kreti za bia zinapangwa ukutani mpaka dirishani. Siku ya mavuno ya parokia anatafuta noti iliyochanika, ile iliyokataliwa sokoni, akaikunja vizuri ili isionekane. Ndugu, usijifunike kwa umaskini wa jirani yako. Umaskini ule ni wake, wala hakukuazima.

Jibu la pili: Panda mbegu

Upande wa pili wanasimama wahubiri wenye vipaza sauti. Kwao kutoa ni kupanda mbegu: leta dola kumi, utavuna elfu, leta fedha ya kodi ya nyumba, Mungu atakupa nyumba. Usipopata, kosa ni lako, imani yako ilikuwa haba. Lo! Biashara gani hii, ambayo muuzaji hapati hasara kamwe, na mnunuzi akikosa mali anapewa lawama?

Wanamtaja mjane wa Sarepta aliyempa nabii Elia mkate wake wa mwisho. Lakini wasome habari yote. Nabii yule alikuwa mkimbizi mwenye njaa, hakuwa na gari wala walinzi. Na unga wa mjane ulidumu ili wale wote pamoja, mjane na mtoto wake na mgeni wake, mpaka ukame uishe. Mjane hakupata jumba la kifahari. Alipata riziki.

Wanamtaja pia mjane wa hekaluni, aliyetia sarafu mbili ndogo katika sanduku la hazina. Nasi twamtaja, ni nani asiyempenda mama yule? Lakini fungueni Injili ya Marko, sura ya 12, msome mistari iliyo juu yake. Kabla tu ya kumsifu mjane, Bwana wetu amewakemea waandishi wanaopenda mavazi marefu na viti vya mbele, huku wakizila nyumba za wajane. Maneno hayo mawili yamewekwa pamoja, wala si bure. Anayesifu sarafu za mjane na asiogope lile karipio, amesoma nusu ya ukurasa.

Wakristo wetu wengine wanakwenda huko usiku, kisha Dominika wanarudi Misani wamekwisha kutoa yote. Tusiwacheke. Mtu anayezama hushika hata unyasi. Afadhali tujiulize kwa nini, alipokuwa na shida, hakupata kwetu mtu wa kumsikiliza.

Jibu la tatu: Leta kadi kwanza

Sasa tufike nyumbani. Tunajua kwamba sehemu fulani, hatutaji parokia yoyote, mtoto amekataliwa ubatizo kwa sababu kadi ya zaka ya baba yake ina miezi mitupu. Tunajua habari za maiti iliyolazwa uani, na ndugu zake wakizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya madeni ya zaka ya marehemu, miaka miwili, miaka mitatu, ili mtu aje kumwombea. Wanaofanya hivyo husema wanalinda nidhamu ya Kanisa. Hebu tuisome nidhamu hiyo.

Kanuni ya 848 yasema kwamba mhudumu asidai kitu kwa kutoa sakramenti zaidi ya matoleo yaliyopangwa na wakuu wenye haki, na awe mwangalifu siku zote maskini wasikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kanuni ya 1181 yasema habari ya mazishi: pasiwe na upendeleo wa watu, wala maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Maneno yenyewe ni mepesi. Hata mtoto wa mafundisho ya komunyo ya kwanza anayafahamu. Naye marehemu Papa Fransisko, katika mafundisho yake ya tarehe 7 Machi 2018, alikumbusha kwamba Misa hailipiwi: atakaye kutoa sadaka na atoe, lakini Misa ni sadaka ya Kristo, nayo ni bure.

Basi askofu akipanga kipimo cha zaka, amefanya vema, nasi tumtii. Kipimo ni msaada kwa mwenye nacho, ajue wajibu wake. Lakini kipimo kisifanywe kufuli. Wazee wetu wa wakati wa Wabelgiji walijua kodi ya kichwa: mkubwa hakuuliza kama umevuna au hukuvuna, aliuliza karatasi, asiye na karatasi alifungwa. Je, tumetoka katika mkono wa mtoza kodi yule ili tumkute tena kwenye mlango wa kanisa, na safari hii ameshika rozari?

Tunaonya juu ya jambo hili kwa sababu tumekwisha kuliona katika shule zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali iliacha kuwalipa walimu ipasavyo, migomo ikafunga shule. Wazazi wakakubali kumchangia mwalimu, watoto wasipoteze mwaka. Lilikuwa tendo jema, tendo la mapendo, nalo lilisemwa kuwa la muda tu. Muda huo ukadumu mpaka mwezi wa Septemba 2019, elimu ya shule za msingi za Serikali, pamoja na zile zinazosimamiwa na Kanisa kwa mapatano nayo, ilipotangazwa kuwa bure. Kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano kile kilichoanza kama zawadi kilikuwa deni, na mtoto ambaye mzazi wake hakulipa alitolewa darasani mbele ya wenzake. Wangapi waliotolewa hawakurudi tena? Zawadi ikigeuka kuwa sharti, wa kwanza kuanguka nje ni maskini, yule yule ambaye zawadi ilianzishwa kwa ajili yake. Tusifanye hivyo kwa ubatizo. Tusifanye hivyo kwa jeneza.

Wanaotupinga

Tunasikia wengine wakitujibu: Ninyi makatekista mnaongea maneno matamu, lakini mkiondoa sharti hakuna atakayetoa, na ninyi mtakuwa wa kwanza kulala njaa. Kweli, riziki yetu hutoka katika kapu hilo hilo, nayo ni ndogo. Hivyo hatusemi kama watu wasioguswa. Lakini sababu hiyo haina nguvu, na wanaoiangusha ni mama zetu wenyewe.

Tazameni vikundi vya MUSO vilivyoenea katika Kivu Kusini. Wanakutana kwa siku iliyopangwa. Lipo sanduku la kijani la akiba na mikopo, na lipo sanduku jekundu la kusaidiana katika ugonjwa na msiba. Kilichotoka katika jekundu hakidaiwi tena. Kila mtu anaona kilichoingia. Fedha inahesabiwa mbele ya macho ya wote, na mwandishi anasoma daftari kwa sauti. Wanachama wake ni wauza makala, wauza mihogo, wafua nguo, watu ambao sisi huwaita maskini. Nao wanachanga! Wanachanga kwa sababu wanaona. Wanajua kwamba siku mtoto akiugua, sanduku jekundu litafunguliwa.

Je, anayetoa parokiani anajua nini? Katika parokia ngapi Mkristo husikia mara moja kwa mwaka kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka, na kilikwenda wapi? Kanuni ya 1287 yataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyotoa. Kanuni ya 537 yataka kila parokia iwe na halmashauri ya uchumi. Kanuni ya 1267 yasema kwamba kilichotolewa kwa kusudi fulani kitumike kwa kusudi hilo tu. Paulo mwenyewe, ambaye hakuna aliyemshuku kuwa mwizi, hakukubali kuipeleka peke yake ile fedha ya Yerusalemu. Alitaka wenzake waliochaguliwa na makanisa wasafiri nayo, asije akalaumiwa na mtu. Ikiwa Mtume alijichunga hivyo, sisi ni nani tuone hesabu kuwa ni kukosewa heshima? Daftari lililofunguliwa hukusanya zaidi kuliko mlango uliofungwa.

Yatupasayo kufanya

Basi, ndugu, tusiishie kwenye maneno. Haya manne twaona yanawezekana hata katika mwaka mgumu.

Kwanza, kila mtu atoe kwa kipimo chake mwenyewe. Mwenye mshahara au nyumba za kupangisha asingoje kuombwa. Asiye na fedha alete kikombe cha unga, kuni, au nguvu za mikono yake. Aliyefagia kanisa au kuchota maji ya mgonjwa ametoa, na aandikwe kuwa ametoa. Asiye na kitu kabisa alete sala zake, wala jina lake lisisomwe mbele ya watu.

Pili, kila shirika liwe na sanduku lake jekundu. Sehemu ya kila mchango ibaki hapo hapo kwa ajili ya mgonjwa, mfiwa na mkimbizi wa mtaa ule. Mapokeo ya Kanisa yasimulia kwamba mtakatifu Laurenti, shemasi wa Roma, mwaka 258 aliamriwa na mtawala alete hazina za Kanisa; akawakusanya maskini, akawaonyesha hao. Hazina yetu isiwe imesimama mlangoni ikiombwa kadi.

Tatu, hesabu zisomwe. Mapadri wetu wapendwa, tunawaomba kwa heshima ya watoto kwa baba zao: someni hesabu za parokia mbele ya waamini, kilichoingia na kilichotoka, hata kama ni kidogo, hata kama kuna pengo. Watu wataliheshimu pengo lililosemwa. Lililofichwa watalijaza kwa masengenyo.

Nne, ubatizo, kitubio, mpako wa wagonjwa na mazishi visifungwe kwa deni la zaka. Kiongozi wa shirika akikuta nyumba ambayo haikutoa mwaka mzima, asianze kwa daftari. Abishe hodi, aketi, aulize: Mmekula? Pengine atakuta mvivu, amwonye kindugu. Pengine atakuta mwenye nacho anayejificha, amkemee. Lakini pengine atakuta watoto wanne na chungu kitupu, na hapo ndipo atakapojua kwamba parokia ndiyo yenye deni katika nyumba ile.

Wakristo wa Bukavu, mji wetu umezoea kutozwa. Tumetozwa kwenye vizuizi vya barabarani, tumetozwa na wenye bunduki wa kila jina, tumetozwa hata kwa kuchukua fedha yetu wenyewe. Mtu aliyetozwa juma zima akiingia kanisani siku ya Dominika, apate mahali pamoja ambapo hakuna anayemtoza, bali anaombwa kama mwana anavyoombwa nyumbani. Hapo ataufungua mfuko wake, na kile kidogo kitakachotoka kitakuwa sadaka kweli.

Mama Maria, Malkia wa Amani, msimamizi wa kanisa letu kuu, atuombee. Na Mwenyezi Mungu, aliyetupa Mwanawe bila bei, atujalie mkono mwepesi wa kutoa na moyo mwepesi wa kutodai.